Kimya cha Padre na Kimya Chetu

Picha za sinema zenye habari ya mauaji hupendwa na watu wengi, wala hilo si jambo la kushangaza. Mtu ataka kujua nani ameua, kwa nini ameua, na kama atakamatwa. Lakini mara nyingi picha hizo zikiisha, zimekwisha. Mwuaji amefungwa, taa zimewashwa, watu wamekwenda kulala. Ni mara chache kuona picha ya namna hiyo ambayo watazamaji wakitoka waanza kubishana, na siku ya tatu wangali wakibishana.

Twataka kusema habari ya picha moja iliyofanya hivyo hapa Wagenia. Kwa Kiingereza yaitwa I Confess, maana yake Naungama. Kwa Kifaransa yaitwa La Loi du silence, yaani Sheria ya Kimya. Aliyeitengeneza ni Alfred Hitchcock, nayo ilitolewa mwaka 1953. Tumeyasikiliza maoni ya wavuvi na jamaa zao, nasi twataka kuyapima, kwa kuwa yagusa imani yetu, na tena yagusa mji wetu.

Wasomaji wa mbali wawajua Wagenia kwa sababu ya nguzo ndefu za miti zilizosimamishwa kati ya miamba ya maporomoko ya Boyoma, na migono mikubwa inayofungwa hapo ili maji yalete samaki. Labda hawajui kwamba watu wa Kisangani si wageni wa sinema. Mwaka 1951 John Huston alikuja na wachezaji wake kupiga picha ya The African Queen katika mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, kupiga sehemu ya The Nun's Story, habari ya Sista mwuguzi. Walakini kupigwa picha si sawa na kutazama picha. Wakati wa Wabelgiji sinema za Waafrika zilichaguliwa mbalimbali na sinema za Wazungu, na picha nyingi Mwafrika hakuruhusiwa kuziona. Leo mtu apata picha ya zamani bila shida, aionyesha juu ya kitambaa cheupe kwa mashine ndogo. Ndivyo ilivyoonyeshwa hii: kwa Kifaransa, na kijana mmoja akifasiri kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kilingala wazee walipomwambia arudie.

Habari yenyewe ni hii. Katika mji wa Québec, nchi ya Kanada, yuko padre kijana, Michael Logan. Katika nyumba ya parokia yumo mtumishi mmoja, Mjerumani mkimbizi jina lake Otto Keller, na mkewe Alma. Usiku mmoja Keller aingia kanisani, aomba kuungama. Aungama kwamba amemwua mwanasheria Villette, ambaye humfanyia kazi ya bustani. Alikwenda kwake kuiba fedha, Villette akamkuta, naye akampiga akafa. Asema alizitaka fedha kwa ajili ya Alma, maana hakuweza kuvumilia kumwona mkewe akichoka kwa kazi za utumishi. Na alipokwenda huko alivaa kanzu ya padre, asitambulikane. Wasichana wawili waliiona kanzu hiyo njiani.

Basi polisi watafuta padre. Inspekta Larrue apata kujua kwamba Padre Logan alikuwa nje usiku ule. Tena apata kujua kwamba alikuwa na sababu ya kumchukia Villette. Zamani, kabla hajawa padre, Logan alipendana na msichana jina lake Ruth. Akaenda vitani, na Ruth akaolewa na mwingine. Logan aliporudi, bila kujua kwamba ameolewa, walitembea pamoja siku moja nje ya mji. Mvua kubwa ikawazuia, wakakaa usiku kucha katika kibanda cha bustani. Asubuhi Villette akawakuta. Miaka ikapita, Logan akapata upadre, na Villette akaanza kumtisha Ruth kwamba atayatangaza mambo yale. Ruth ataka kumwokoa padre, awaambia polisi habari yote. Kumbe amewapa ile sababu waliyokuwa wakiitafuta. Padre apelekwa mahakamani, na wakati ule katika Kanada mwuaji aliweza kunyongwa. Keller asimama kutoa ushahidi wa uongo. Padre amjua mwuaji, amwona mbele yake, wala hasemi neno.

Mahakama yamwacha huru kwa kukosa ushahidi wa kutosha, lakini watu nje hawamwachi. Wamzunguka, wamzomea, wamsukuma. Hapo Alma ashindwa kunyamaza zaidi. Amkimbilia padre akilia kwamba hana hatia, na Keller ampiga mkewe risasi. Kisha akimbilia hoteli kubwa ya mji, na huko adhani kwamba padre amemfunua, atoa siri kwa kinywa chake mwenyewe. Polisi wampiga risasi. Afa akiomba msamaha, na padre yu karibu naye amwombea.

Sasa tuseme kidogo namna picha ilivyotengenezwa, maana watu wengine husifu picha kwa sababu ni nzuri machoni, wasiulize uzuri huo wafanya kazi gani. Picha hii ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na giza lake ni zuri kweli. Yaanza kwa vibao vya njia mjini, vyenye mshale, kimoja baada ya kingine, mpaka tufikishwe dirishani, na ndani amelala maiti. Tangu dakika za kwanza twamjua mwuaji. Hitchcock hakututaka tubahatishe. Alitaka tujue yote anayoyajua padre, kisha tutazame uso wake. Mchezaji Montgomery Clift hafanyi mengi kwa mikono wala kwa sauti, ila macho yake yachukua mzigo wote. Mahali pengine padre atembea peke yake mjini, naye aonekana mdogo chini kabisa, na karibu nasi ni sanamu ya Bwana wetu akichukua msalaba kati ya askari. Mtu asiye Mkristu ataona sanamu tu. Sisi twaelewa tumeonyeshwa nini.

Tuje kwa maoni ya watazamaji.

Wa kwanza walikuwa vijana, nao walisema kwa nguvu: padre huyu ni mjinga. Mtu ameua, anadanganya mbele ya hakimu, anamtumia padre kama ngao, na padre anamlinda! Kijana mmoja anayesoma chuoni alisema, “Kama sheria yamkomboa mwuaji na kumnyonga asiye na kosa, sheria hiyo ina kasoro.” Tusiwacheke vijana hawa. Hitchcock mwenyewe, aliyelelewa katika dini Katoliki na kufundishwa na Wayesuiti mjini London, alipozungumza na Mfaransa François Truffaut, katika mazungumzo yaliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1966, alisema hiyo ndiyo shida ya picha yake. Mkatoliki ajua kwamba padre hawezi kufunua siri ya kitubio, lakini watu wengine hawakusadiki kwamba kuna mtu atakayekubali kufa kwa jambo kama hilo. Hata akafikiri ingekuwa afadhali picha isitengenezwe. Basi maoni ya vijana wa Wagenia yamekwisha kusemwa Ulaya na Marekani pia, na watu wazima.

Wa pili aliyesema ni katekista mzee. Alijibu kwamba siri hiyo si mali ya padre, basi hawezi kuitoa. Amesema kweli. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliweka adhabu kali kwa padre atakayefunua dhambi aliyoambiwa katika kitubio. Sheria ya Kanisa ya leo, katika kanuni ya 983, yamkataza padre kumsaliti mwenye kuungama kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote. Hata kama mwenye kuungama hakupewa ondoleo kwa kukosa majuto, siri yabaki siri. Hata kama ni kuokoa maisha yake mwenyewe, padre hana ruhusa ya kutoa ishara ya kichwa.

Katekista akawasimulia habari ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padre wa Praha, aliyetupwa mtoni mwaka 1393. Mapokeo ya Wakristu yasema alikataa kumfunulia mfalme maungamo ya malkia. Wavuvi waliipenda sana habari hiyo, kwa kuwa wao wajua mto waweza kumfanya nini mtu aliyefungwa. Na kama mtu asema hayo ni mambo ya kale, yuko Mtakatifu Mateo Correa wa Mexico. Mwaka 1927 askari walimtaka awaambie maungamo ya wafungwa, akakataa, wakamwua. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 2000. Hata sasa mabishano hayajaisha. Katika jimbo la Queensland, nchi ya Australia, sheria ya mwaka 2020 yawataka mapadre wapeleke kwa polisi habari za watoto waliodhulumiwa, hata wakizisikia katika kitubio. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu watoto waliumizwa kweli, na wakubwa wengine wa Kanisa walificha. Jambo hilo ni zito, wala halijibiwi kwa hasira.

Tulidhani mabishano yatakwisha hapo, vijana upande huu na katekista upande ule. Lakini mama mmoja, mwuzaji wa samaki, aliyekuwa amenyamaza muda wote, aliuliza: “Na yule mwanamke je? Mbona mwamsema padre tu? Yule mama alijua. Yeye hakujua kwa kitubio. Alimpa padre chakula, akamtazama, akajua, akanyamaza.”

Kwa maoni yetu neno hilo ndilo ufunguo wa picha nzima, na wakosoaji wenye elimu mara nyingi walilipita. Wafaransa Éric Rohmer na Claude Chabrol, katika kitabu chao cha mwaka 1957 juu ya Hitchcock, waliandika sana habari ya hatia inayohama kutoka kwa mtu hata kwa mtu. Ni kweli, hatia ya Keller yamwangukia padre. Lakini mama wa Wagenia aliona kitu kingine: kwamba katika picha hii kuna kimya cha namna mbili.

Itazameni tena ile asubuhi ya chakula. Mapadre wamekaa mezani. Alma apita nyuma yao, amimina kahawa, na kila apitapo macho yake yamrudia Padre Logan. Hakuna mtu asemaye neno la maana. Ataka kujua kama padre atasema. Tena aogopa, na twaona kwamba ana huruma. Hitchcock hakupoteza wakati wake kwa kumpiga picha mwanamke amiminaye kahawa bila sababu. Alituonyesha mtu wa pili ajuaye, ambaye hana sheria yoyote ya kumfunga. Padre afungwa na sakramenti. Alma afungwa na hofu na mapenzi ya mumewe.

Mzee mmoja mvuvi hakukubali. Alisema, “Mama, mke hamshtaki mumewe. Nyumba itakuwa nini, kama mke atakwenda polisi?” Wanaume wengi waliitikia. Ni neno la heshima, na lina ukweli ndani yake, maana siri za nyumbani si za kutangazwa sokoni. Lakini yule mama alijibu, “Papa, siri ya nyumba ni ya nyumba. Shingo ya padre si ya nyumba yao.” Twaona amehukumu sawasawa. Siri ya mke na mume ni kwa ajili ya upendo wao. Haiwezi kulipwa kwa damu ya mtu wa tatu asiye na kosa. Padre atoa maisha yake mwenyewe ili alinde siri. Alma, siku zote za kunyamaza kwake, alikuwa anatoa maisha ya mwenziwe. Tofauti hiyo ni kubwa kama mbingu na nchi, ingawa kwa nje vimya hivyo viwili vyafanana kabisa: midomo imefumbwa.

Kwa nini twasema jambo hili lagusa mji wetu? Kwa sababu Kisangani imeona mauaji, si ya kitambaa cheupe. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji huu, ambao si wa Rwanda wala wa Uganda, na mamia ya raia walikufa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile, na mambo ya Kisangani yamo ndani yake. Kabla ya siku hiyo ilipita miaka mingi ambayo wengi walinyamaza. Wengine walinyamaza kwa hofu, wengine kwa kuchoka, wengine kwa kuwa waliona kusema hakuleti chakula.

Lakini wako ambao hawakunyamaza, na habari yao pia iko katika picha. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitoa mwaka 2020 picha ya kweli iitwayo En route pour le milliard. Yaonyesha watu wa mji huu waliokatika miguu na mikono katika vita vile vya siku sita, wakishuka mto kwa mashua mpaka Kinshasa kudai haki yao. Haina wachezaji wazuri wa sura wala hoteli kubwa. Watu wake wanyeshewa na mvua juu ya mashua, wapika, wagombana, waimba, kisha wafika mlangoni pa wakubwa na kusema yaliyowapata. Anayetaka kujua Alma angaliweza kufanya nini kama angaliushinda woga wake mapema, na aitazame picha ya Hamadi baada ya ile ya Hitchcock. Wale hawakuwa na siri ya sakramenti ya kulinda, nao waliona kwamba kunyamaza zaidi ni kuwasaidia waliowaumiza.

Hatusemi kwamba picha ya Hitchcock haina kasoro. Kwanza, ile habari ya zamani ya Ruth ni ndefu kupita kiasi, na yatolewa kwa namna laini kama ndoto, hata twasahau hatari iliyopo. Pili, Padre Logan hatumwoni vya kutosha katika kazi zake. Twamwona akitembea na kuteseka, lakini wagonjwa wake, mahubiri yake, na watu wa parokia yake wako wapi? Padre hana uso wa huzuni tu. Tatu, mwisho wake ni rahisi mno. Habari iliyoanza katika moyo wa mtu yamalizwa kwa bunduki, na padre aokolewa na makosa ya Keller. Inajulikana kwamba Hitchcock alitaka kwanza padre anyongwe, kisha ndipo watu wajue kwamba hakuwa na hatia. Mwisho huo ungalikuwa mchungu, lakini ungaliwajibu vijana wetu waziwazi zaidi, maana siri ya kitubio haina ahadi kwamba mwenye kuilinda ataokoka.

Hata hivyo picha hii yashinda nyingine nyingi kwa jambo moja. Katika The Nun's Story, ile iliyopigwa hapa kwetu, Sista mmoja auawa na mtu aliyedanganywa na mganga, na mtu huyo hatumjui. Aingia, aua, atoweka. Hatuonyeshwi moyo wake. Keller ni mbaya kuliko yeye, maana alijua alitendalo, lakini Hitchcock hakumnyima roho. Twaona alivyoanza kwa kumhurumia mkewe, na namna huruma isiyo na haki ilivyogeuka kuwa wizi, na wizi kuwa mauaji, na mwisho akamwua yule yule aliyesema amefanya yote kwa ajili yake. Vijana wetu wanaoambiwa kila siku kwamba fedha yapatikana kwa njia yoyote, mradi iletwe nyumbani, wangetazama vizuri mwendo huo.

Tena watazame lile kundi la watu nje ya mahakama. Hakimu amemwacha padre huru, lakini watu hawataki hakimu, wataka kuhukumu wenyewe. Nasi tumeona barabarani mtu akipigwa kwa sababu mmoja alipiga kelele “mwizi”. Katika picha hii kila aliyenyosha mkono kumsukuma Padre Logan aliamini kwamba anatetea haki.

Je, picha hii yafaa kutazamwa na Wakristu? Baba Mtakatifu Pius XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Pius XII mwaka 1957 akaandika tena, akiunganisha radio na televisheni. Hawakusema sinema ni ya shetani. Walitaka watu wafundishwe kuchagua na kuhukumu. Basi sisi twasema: watoto wadogo wasiitazame. Wakubwa na vijana waitazame, wala wasiitazame peke yao. Aweko mtu wa kufasiri, na baada ya picha taa ziwashwe na watu wakae, kila mmoja aseme, na akina mama waulizwe mapema, wasingojewe mpaka mwisho.

Na mkatekista atakayewaongoza asitosheke na kueleza kanuni 983. Hiyo ni sheria ya padre, na padre ataitunza. Wengi wetu hatutaketi kamwe katika kiti cha kuungamisha. Lakini wengi wetu tumemimina kahawa kama Alma, tukijua jambo ambalo mtu asiye na hatia analilipia. Juu ya hilo hatuna kanuni ya kutufunga midomo. Basi, wasomaji wapenzi, mtakapoona picha hii, mwacheni padre kidogo, mumtazame yule mwanamke apitapo nyuma ya viti, kisha kila mtu ajiulize ni habari gani anayoijua, na ni nani anayeumia kwa sababu yeye hajaisema.